Dermatoskopu, hadubini ya USB au kapilaroskopu ya video: uchague ipi kufuatilia skleroderma?

Tangu nianze kutunza picha za kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) za ukingo wa ukucha wa wagonjwa wangu, wenzangu wa kliniki za mikoani wananiuliza swali lile lile: ninunue kifaa gani? Wengine wana dermatoskopu, lenzi ya mkononi ya daktari wa ngozi, imelala kwenye droo. Wengine wameona hadubini ya USB dukani, sanduku limeandikwa "1000×" kwa herufi kubwa. Mmoja aliletewa bei ya kapilaroskopu ya video, kamera maalumu ya kukuza kapilari, akanitumia picha ya ile proforma bila kuandika neno.

Nami huwajibu kwa swali: unataka kujua nini? Ukitaka kujua kama mgonjwa ana alama za skleroderma (ugonjwa unaokakamaza ngozi na kuharibu mishipa midogo) au hana, kifaa cha bei nafuu kitakufikisha mbali. Ukitaka kujua kama ugonjwa umesogea tangu mwaka jana, itabidi uhesabu na upime, na hapo ndipo vifaa hivi vinapoachana.

Kwa nini ukucha

Sehemu nyingi za mwili kapilari husimama wima kuelekea juu ya ngozi, hivyo ukitazama kwa lenzi unaona nukta tu. Kwenye ule ukingo wa ngozi unaofunika mzizi wa ukucha, safu ya mwisho ya kapilari hulala. Unaona kitanzi kizima: damu inapanda upande mmoja, inapinda, inarudi upande wa pili, mfano wa pini ya nywele. Ukuta wa mshipa wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni damu iliyomo, na ndiyo maana ukiikandamiza lenzi kidogo tu, kapilari zinapotea machoni pako na unaweza kudhani hazipo.

Mtu mzima mwenye afya ana kapilari 7 au zaidi katika kila milimita 1 ya safu hiyo, na upana wa kitanzi pale juu kwenye mpindo hauzidi maikromita 20 (maikromita 1000 ni milimita 1). Ukiwa kati ya 20 na 50, kapilari imetanuka. Ukipita 50, hilo ni jitu. Mipaka hii ndiyo iliyowekwa wazi mwaka 2020 na kikundi cha EULAR (muungano wa Ulaya wa magonjwa ya baridi yabisi) kinachoshughulika na mishipa midogo ya damu, na ndiyo ninayoitumia katika ulinganisho huu wote.

Kabla ya hapo, mwaka 2000, Maurizio Cutolo na wenzake wa Genoa, Italia, walizipanga picha za skleroderma katika hatua 3. Hatua ya mwanzo ina majitu machache, madoa machache ya damu iliyovuja, na safu bado imejaa. Hatua hai ina majitu mengi, madoa mengi, na mapengo yameanza. Hatua ya mwisho haina majitu, au yamebaki machache sana. Safu imekuwa uwanja mtupu, na hapa na pale kapilari mpya zimechipuka ovyo kama matawi ya kichaka.

Iangalie tena hiyo hatua ya mwisho. Majitu yanaondoka.

Nina mgonjwa, mama anayeuza samaki wa barafu. Alikuja mara ya kwanza mwezi wa pili, Dar es Salaam joto linaunguza, yeye amevaa glavu za sufu. Kila akiingiza mkono kwenye boksi la barafu vidole "vinakufa", ndivyo alivyosema. Vinakuwa na ganzi, kisha vinachoma vikirudi. Kwenye kidole cha pete cha kushoto nilihesabu kapilari 6 katika milimita, 4 kati yake majitu. Miaka 3 baadaye niliweka picha mbili pamoja kwenye kompyuta, ya zamani na mpya, nikamgeuzia kioo. Akaangalia, akatabasamu. "Yale manene yameondoka, dokta. Si ndiyo nafuu hiyo?" Nikamwambia, "Hebu zihesabu, mama." Zilikuwa 3.

Kifaa kinachokuonyesha majitu peke yake kingempa mama huyu habari njema ya uongo. Hilo ndilo ninaloanzia ninapopima kifaa chochote cha kufuatilia.

Dermatoskopu

Tuseme ukweli, hii ndiyo wengi wetu tunayoweza kuipata, nami siidharau. Inakuza mara 10, nyingine 20. Unaweka tone la mafuta, wengine jeli ya ultrasound, unashusha kioo taratibu mpaka kiguse mafuta bila kukandamiza ngozi, unaangalia. Vidole 8 (gumba huachwa) vinakwisha kwa dakika chache, na chumba chochote cha kliniki kinatosha.

Sasa piga hesabu. Jitu la maikromita 50, likikuzwa mara 10, linaonekana kama kitu cha nusu milimita. Jicho linalikamata. Kapilari ya kawaida ya maikromita 20 inakuwa kama uzi wa milimita 0.2. Je, utaitofautisha na yenye 30? Mimi siwezi, na sijaona mwenzangu anayeweza siku mbili mfululizo. Kwa hiyo dermatoskopu inakuambia "kuna majitu", "kuna madoa ya damu", "hapa pana pengo kubwa". Haikuambii kwamba zilikuwa 7 na sasa ni 5.

Kwa kuchuja wagonjwa wa Raynaud hiyo ni kazi kubwa. Maurice Raynaud alieleza vidole vinavyobadilika rangi kwenye tasnifu yake ya Paris mwaka 1862, na mpaka leo wengi wenye tatizo hilo hawana ugonjwa mwingine nyuma yake. Kazi ni kuwatenga wachache wenye nao. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata wagonjwa 586 wa Raynaud kwa muda mrefu: waliokuwa na kapilari zenye kasoro pamoja na kingamwili za skleroderma (protini za kinga zinazoulenga mwili wenyewe, hupimwa kwenye damu), asilimia 79.5 waliishia kuupata ugonjwa wenyewe. Kwa wasiokuwa na chochote kati ya hivyo viwili, walioupata walikuwa asilimia 1.8. Tofauti ya namna hiyo hata lenzi ya mara 10 inakusaidia kuianza.

Kuna tatizo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka. Ngozi nyeusi ina melanini, na melanini inaziba. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi sana, vidole viwili vya kwanza vinaweza visionyeshe kitu kwa dermatoskopu, na daktari mgeni wa kazi hii anaandika "kapilari zimepungua". Hazijapungua, hujaziona. Anza na kidole cha pete na kidole cha mwisho, ambavyo ngozi yake hupitisha mwanga vizuri zaidi. Na kwenye fomu andika "haionekani" kama neno linalojitegemea, mbali na "kawaida" na mbali na "pengo". Mwanga wa kijani, kwa kifaa kilicho nao, unasaidia kwa sababu damu huufyonza na vitanzi vinatoka vyeusi zaidi.

Oftalmoskopu nayo, ile ya kutazama jicho, ukiiweka kwenye lenzi ya +40 na kusogea karibu, inakupa takriban mara 10. Ni ya dharura. Huwezi kutunza picha, basi huwezi kufuatilia.

Mwaka wa kwanza niliunganisha dermatoskopu na simu, nikajiona nimemaliza. Nilimpiga picha mwalimu mmoja, akarudi baada ya miezi 6, nikampiga tena kwa simu mpya. Kapilari zilionekana nene na chache kuliko mwanzo. Nilikaribia kumwandikia rufaa. Usiku nikazifungua tena zile picha: simu mpya ilikuwa imekuza zaidi. Kipande kilichoonekana kilikuwa kidogo, kwa hiyo bila shaka kapilari zilikuwa chache na nene. Hakukuwa na rula ndani ya picha yoyote, na mpaka leo siwezi kusema kama mwalimu yule alikuwa amebadilika au la.

Hadubini ya USB

Kile cha "1000×" kwenye sanduku kisahau. Ukuzaji wa kifaa kinachoonyesha picha kwenye kompyuta unategemea ukubwa wa kioo cha kompyuta yenyewe. Ukiipeleka picha ile ile kwenye televisheni ya ukutani unaweza kudai hata 3000. Swali la maana ni milimita ngapi zimeingia kwenye picha, na kama kifaa kinaweza kutenganisha mistari miwili iliyoachana kwa maikromita 20.

Kuna namna ya kujua kabla hujatoa pesa. Nenda na rula ya kawaida, ipige picha. Ukizungusha kwenye ukuzaji wa juu, nafasi ya milimita 1 inapaswa kujaza picha karibu yote na kingo za mstari zibaki kali. Zikiwa na ukungu, rudisha. Ukishanunua, tafuta rula ya kioo ya maabara iliyogawanywa kwa sehemu za mia za milimita, ipige picha kwa kila ukuzaji utakaoutumia, na zihifadhi hizo picha. Baada ya hapo kila picha ya mgonjwa inapimika.

Hadubini nzuri ya USB inakaribia kazi ya kapilaroskopu kwa sehemu ndogo ya bei yake. Udhaifu wake ni mkono wako. Kwenye ukuzaji mkubwa, mapigo ya moyo ya mgonjwa tu yanatosha kuitikisa picha. Inataka stendi, kidole kilale kwenye kitu laini, na uvumilivu wa kutafuta fokasi kwa nusu milimita. Vifaa vingine mwanga wake hung'aa juu ya mafuta na kuacha doa jeupe katikati ya picha, hasa kwenye ngozi ngumu ya mtu anayefua au kulima. Nimezoea kuinamisha kidole kidogo, doa likasogea pembeni.

Nikiambiwa nichague kifaa kimoja cha hospitali ya mkoa, nachagua hiki, kwa sharti la stendi na rula.

Kapilaroskopu ya video

Hiki ndicho kifaa cha rejea. Tafiti nyingi na ile mipaka ya 2020 zimejengwa juu yake, kwa ukuzaji wa mara 200. Katika ukuzaji huo jitu la maikromita 50 linakuwa na upana wa sentimita 1, na ile ya 20 inakuwa milimita 4. Hubahatishi tena. Kichwa cha kamera kinagusa ngozi na kutulia, picha moja inabeba takriban milimita 1, na programu inakuwekea mstari wa kupimia juu yake. Unapiga picha za vidole 8, unahesabu kila moja, unaandika wastani.

Faida yake kubwa naiona kwenye zile picha za katikati, ambazo kwa dermatoskopu tunabishana. Kapilari 5 kwa milimita, zimetanuka lakini hakuna jitu: ni skleroderma au siyo? Kwa kanuni fupi iliyotolewa mwaka 2019, jibu linatoka haraka. Ikiwa ni 7 au zaidi na hakuna jitu, sura ya skleroderma haipo. Ikiwa kuna jitu, au zimebaki 3 au pungufu pamoja na maumbo ya ovyo, ipo. Zilizobaki katikati zinahesabiwa kuwa haipo, nawe unamwita mgonjwa tena. Kanuni hiyo inategemea namba, na namba zinataka kifaa kinachopima.

Kwa upande wa utambuzi, vigezo vya ACR (chama cha Marekani cha madaktari wa baridi yabisi) na EULAR vya 2013 vinaipa kasoro ya kapilari alama 2, Raynaud 3, kingamwili mahususi 3, na kizingiti ni 9. Jumlisha hizo tatu: 8. Mgonjwa wa aina hiyo hajafika, ila yuko mlangoni, na huyu ndiye wa kumpiga picha kila baada ya miezi 6 hadi 12. Siku vidole vyake vikivimba kama soseji anaongeza alama 2, na amevuka.

Ubaya ni bei, na fundi. Kikiharibika lenzi au kebo, kinasafiri nje ya nchi kwenda kutengenezwa, na miezi hiyo wagonjwa wako wanakosa picha ya kulinganisha. Uliza habari ya vipuri kabla ya kuuliza punguzo.

Leza na kamera za joto

Hizi ni jamii nyingine. Vifaa vitatu vya juu vinaonyesha umbo la mshipa. Hivi vinaonyesha damu inapitaje sasa hivi. Mgonjwa akipewa iloprosti, dawa ya kutanua mishipa, kwa dripu, umbo la kapilari zake halitabadilika mchana huo, lakini mtiririko unaweza kubadilika, na kamera ya leza itauonyesha mkono mzima kwa rangi ndani ya sekunde. Kamera ya joto hufanya jambo la karibu na hilo: mikono inatiwa kwenye maji ya baridi kwa muda mfupi, halafu unatazama vidole vinavyopata joto tena dakika baada ya dakika.

Kwa kupima dawa kwenye utafiti, sawa. Kwa kliniki yetu siishauri. Namba za leza ni vizio vya kifaa chenyewe, huwezi kuzilinganisha na za jirani, na kamera ya joto inataka chumba chenye joto lisilobadilika. Chumba kikifika nyuzi 31 kwa sababu umeme umekatika, kipimo chako kimekwenda na maji.

Ugonjwa nao unachagua kifaa

Skleroderma husogea kwa miezi na miaka, kwa hiyo usahihi wa kipimo ni bora kuliko kurudia mara nyingi. Dermatomayositisi, ugonjwa wa uvimbe wa misuli na ngozi, ni tofauti: kapilari zake huchanua kama kichaka na safu ikakatika, lakini matibabu yakishika, mara nyingi safu hujaa tena. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huo, hesabu ya kapilari inakwenda sambamba na ukali wa ugonjwa wa ngozi, na hata dermatoskopu yenye picha nzuri inaweza kuonyesha nafuu.

Lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, ningeiacha. Vitanzi vilivyopindapinda na madoa mawili matatu huonekana, ila havina sura maalumu ya kukuongoza. Pesa ya kamera nunulia vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo. Na hata kwenye skleroderma, kidole hakichukui nafasi ya kipimo cha mapafu, moyo wala shinikizo la damu.

Kabla ya lenzi

Makosa mengi niliyoyaona yametokea kwenye benchi, kabla ya kifaa. Mgonjwa akae dakika 15 hadi 20 kwenye chumba kile kile cha kipimo, kwa sababu akitoka kwenye kiyoyozi kikali mishipa imejibana. Asiwe amevuta sigara. Ukucha uwe bila rangi ya kung'aa wala kucha za kubandika zinazofunika ukingo.

Kisha saluni. Ile tabia ya kukata kingozi cha ukucha huacha madoa ya damu yanayofanana kabisa na ya ugonjwa, kwa hiyo ninaomba wiki kadhaa za kukiacha. Kutafuna kucha ni hivyo hivyo. Na hapa pwani kuna hina.

"Shikamoo mama. Hina hii ya lini?"

"Marahaba. Ya harusi ya mwanangu, Jumamosi iliyopita."

Nikampongeza, nikampangia tarehe baada ya wiki 4. Hina ya kwenye ukucha wenyewe hainisumbui, itakaa miezi mpaka ukucha ukue; ile iliyoingia kwenye ngozi ya ukingo ndiyo inayofunika kila kitu, nayo hufifia mapema. Piko nyeusi ni mbaya zaidi. Siku hizi kadi ya miadi ina mstari mmoja wa hina na saluni, na tumepunguza safari za bure.

Kidole chenye kidonda wazi usikiguse, na lenzi ifutwe kwa spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa. Jina la faili liwe na tarehe, mkono, kidole na ukuzaji; kama ni "IMG_2041" hutakuja kuipata.

Yule wa proforma nilimpigia simu. Nikamuuliza nani atakayekuwa anahesabu, maana kazi ya vidole 8 si ya dakika mbili na yeye ana foleni ya wagonjwa 40. Akafikiri, akasema kuna muuguzi wa kliniki ya ngozi, mkono wake umetulia na anapenda kompyuta. Nikamwambia amnunulie huyo hadubini ya USB na stendi, wapige picha mwaka mzima kwa dermatoskopu na kwa hadubini, kisha tuzihesabu wote wawili bila kuambizana. Proforma ameiweka. Muuguzi ameshanitumia picha 11 za kwanza. Mbili zina doa jeupe katikati.